Baba alikuwepo mlangoni au hakuwepo?

SWALI: Nilikuwa na miaka minane wanajeshi wa Tanzania walipoingia Masaka, Uganda, mwaka 1979, katika vita vya kumwondoa Idi Amin. Nyumba yetu ilikuwa kijijini, nje kidogo ya mji. Namkumbuka baba amesimama mlangoni, redio mkononi, na askari mmoja akamwambia mama, "Mama, msiogope, sisi ni ndugu zenu." Kaka yangu, aliyenizidi miaka minne, anasema baba hakuwepo kabisa siku hiyo. Anadai alikuwa amepeleka ng'ombe upande wa Sembabule na alirudi baada ya wiki nzima. Wazazi wote wawili wametangulia. Tulibishana juu ya jambo hili mbele ya ukoo wakati wa olumbe ya baba, yaani ile sherehe ya kuhitimisha msiba, na tangu siku hiyo hatuzungumzi vizuri. Binti yangu ananiambia kuwa wanasayansi wamegundua kwamba kumbukumbu hubadilika kila inapoguswa, na kwamba wameweza hata kupandikiza kumbukumbu za uongo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nani kati yetu anasema uongo? Jambo la mwisho: kaka akisikia radi usiku huamka akitetemeka hadi leo. Je, tuache kabisa kuyazungumza mambo hayo? Samahani kwa Kiswahili changu, nilijifunza ukubwani nilipokuwa dereva wa malori ya Mombasa. (Msomaji, Masaka)

JIBU: Ndugu yangu, Kiswahili chako hakihitaji kuombewa samahani, na sentensi yako hiyo ya mwisho, uliyoiandika kama adabu tu, nitairudia baadaye kwa sababu imebeba sehemu kubwa ya jibu. Nianze na neno linalokuuma zaidi, yaani uongo. Mwongo ni mtu anayeujua ukweli akauficha. Kwa jinsi ulivyoandika, na kwa jinsi ulivyomnukuu kaka yako, simwoni mwongo katika nyumba yenu. Ninaowaona ni watu wawili walioipitia siku moja wakiwa na umri tofauti, ambao kwa zaidi ya miaka arobaini kila mmoja ameisimulia siku hiyo kwa watu wake na kwa nafsi yake, na ambao leo kila mmoja anaiona picha yake waziwazi kana kwamba ilipigwa jana. Uwazi huo ndio unaowagombanisha, kwa kuwa sote tumezoea kuamini kuwa kinachoonekana wazi ndicho cha kweli, na hapo ndipo utafiti wa ubongo umetulazimisha kufikiri upya.

Lugha yenyewe imechangia kutupotosha. Katika Kiswahili, neno kumbukumbu ndilo tunaloliandika juu ya majalada ya ofisi, na katibu anaposoma kumbukumbu za kikao kilichopita tunatarajia kusikia maneno yale yale yaliyoandikwa siku ile, bila nukta kuongezwa wala kupunguzwa. Tukilihamishia neno hilo kichwani tunahamisha pia jalada na kabati lake, halafu tunashangaa ndugu wawili wanapofungua kabati moja na kutoa karatasi mbili zisizofanana. Lakini neno hilo limezaliwa na kitenzi kukumbuka, na kitenzi ni tendo, lenye mtendaji, mahali na saa yake. Ikiwa nitaruhusiwa kusema kama mwalimu wa sarufi, utafiti wa miaka sabini iliyopita umelikataa jalada na kuegemea upande wa kitenzi.

Safari hiyo ilianza na mgonjwa mmoja wa kifafa huko Hartford, Marekani, ambaye kwa miaka mingi alijulikana kwa herufi mbili tu, H.M., mpaka alipofariki mwaka 2008 na jina lake, Henry Molaison, likatangazwa. Mwaka 1953 daktari wa upasuaji William Scoville alimwondolea sehemu za ndani za pande zote mbili za ubongo wake, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza kushika tukio jipya: daktari akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, kwake alikuwa mgeni. Hata hivyo mtafiti Brenda Milner alipomfundisha kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, kazi inayomshinda mtu yeyote mara ya kwanza, mgonjwa huyo aliifanya vizuri zaidi siku hadi siku, ingawa kila siku alisema hajawahi kuiona. Hapo ikabainika kwamba ujuzi wa mkono una njia zake ndani ya ubongo, na kumbukumbu ya matukio ina njia nyingine inayopitia kwenye hipokampasi.

Ni muhimu kuelewa tukio linakaaje humo ndani. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na siku kama ile yenu haikuandikwa kwenye kona moja ya seli hizo. Sura za watu zilishughulikiwa nyuma ya kichwa, sauti zikashughulikiwa pembeni, na hofu ikapitia kwenye kijisehemu kidogo chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala, wakati hipokampasi ilikuwa ikiviunganisha vipande hivyo ili kimoja kikiguswa vingine viitikie. Unapokumbuka, vipande hivyo hukusanywa tena. Usiku, hata ukiwa usingizini, mkusanyiko huo unaendelea: mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli za hipokampasi za panya zilizofanya kazi pamoja mchana, panya alipokuwa akitembea, zilirudia kufanya kazi pamoja alipolala.

Sasa nije kwenye jambo alilokuambia binti yako. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba kumbukumbu mpya ni laini kwa saa chache za mwanzo, halafu ubongo hutengeneza protini zinazoimarisha viungio vya seli, na baada ya hapo kazi imekwisha, kama chungu kilichotoka kwenye tanuri. Mwaka 2000, Karim Nader, akifanya kazi katika maabara ya Joseph LeDoux mjini New York, alifanya jaribio lililoitikisa imani hiyo. Panya walisikilizishwa mlio, kisha wakapigwa shoti ndogo ya umeme, wakajifunza kuuogopa mlio huo. Baadaye, hofu yao ikiwa imekwisha kukomaa, walisikilizishwa mlio peke yake ili waikumbuke, na papo hapo wakadungwa, ndani ya amigdala, dawa inayozuia seli kutengeneza protini. Kesho yake mlio uliposikika, hofu yao ilikuwa imefifia sana. Lakini kuna kundi jingine la panya waliopewa dawa ile ile bila kukumbushwa mlio kwanza, na hao waliendelea kuogopa kama kawaida.

Litazame kundi hilo la pili kwa makini, maana nguvu yote ya jaribio iko hapo. Dawa haikuifuta kumbukumbu iliyolala. Iliifikia tu ile iliyoamshwa. Kwa maneno mengine, tendo la kukumbuka lenyewe ndilo lililoirudisha kumbukumbu katika hali ya ulaini, ikalazimika kuimarishwa upya. Kwa hiyo chungu hakikuchomwa kamwe, kilikaushwa tu juani, na kila ukikimwagia maji ili ukitumie, udongo unalainika kidogo chini ya vidole vyako. Sharti niongeze kwamba majaribio yaliyofuata hayakutoa jibu moja kila mahali. Kumbukumbu kongwe na zile zilizojengwa kwa nguvu huwa ngumu kulainika, na kwa binadamu matokeo yamekuwa ya kupanda na kushuka. Kwa sababu hiyo, ukisikia mtu anauza tembe ya kufuta machungu ya zamani, shika mkoba wako vizuri.

Kuhusu kupandikiza kumbukumbu, binti yako hakukudanganya, ila alikuwa akizungumzia panya. Mwaka 2013 Steve Ramirez, Xu Liu na wenzao katika maabara ya Susumu Tonegawa kule Massachusetts walitumia panya waliobadilishwa vinasaba, ambao seli zao zinaweza kuwashwa kwa mwanga unaopitishwa kwenye uzi mwembamba ulioingizwa mpaka ndani ya ubongo. Panya aliwekwa kwanza katika kisanduku kisicho na tatizo lolote, na seli zilizofanya kazi humo zikatiwa alama. Kisha akahamishiwa kisanduku cha pili, akapigwa shoti huku seli za kisanduku cha kwanza zikiwashwa kwa mwanga. Aliporudishwa kisanduku cha kwanza, mahali ambapo hakuwahi kuumizwa, aliganda kwa hofu.

Kwa binadamu hakuna aliyehitaji uzi wala mwanga, kwa sababu maneno yanatosha. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari, wakawauliza magari yalikuwa yakienda kasi gani. Waliosikia swali lenye neno lenye maana ya kupondana walikadiria wastani wa maili 40.8 kwa saa, na wale waliosikia neno la kugongana tu wakakadiria 34. Katika jaribio lao la pili, wanafunzi wengine walioulizwa hivyo hivyo waliulizwa wiki moja baadaye kama waliona vioo vilivyovunjika, navyo havikuwemo kwenye filamu. Katika kila kundi la watu 50, 16 wa neno la kupondana walisema waliviona, dhidi ya 7 wa neno la kugongana. Mwaka 1995 Loftus na Jacqueline Pickrell walikwenda mbali zaidi: watu 24 walisimuliwa visa vitatu vya kweli vya utotoni mwao, vilivyopatikana kwa jamaa zao, na kimoja cha kutunga kuhusu kupotea dukani, na karibu robo yao wakakikumbuka kile cha kutunga, kwa jumla au kwa sehemu.

Ukiwa na hayo mkononi, rudi kwa askari yule. Unamsikia akisema, "Mama, msiogope, sisi ni ndugu zenu," na unazielewa sentensi zake zote. Lakini umeniambia mwenyewe kwamba Kiswahili ulikijifunza ukubwani, njiani kwenda Mombasa. Mtoto wa miaka minane katika kijiji cha Waganda mwaka 1979, ambako Kiswahili kilisikika zaidi kwa wanajeshi kuliko nyumbani, angesikia sauti ya mtu mgeni, toni yake, pengine neno mama, kwa kuwa hilo halihitaji mkalimani. Maana ya yaliyobaki ilikuja baadaye. Huenda mama yenu ndiye aliyewatafsiria jioni ile, huenda ulisikia masimulizi ya jirani kuhusu wakombozi, na huenda ulipokwisha kukifahamu Kiswahili ubongo wako ulirudi kimyakimya kwenye siku ile ukamkabidhi askari maneno yaliyofaa kinywani mwake. Hukufanya hivyo kwa makusudi wala hukuona ukifanya. Kila ulipoisimulia, udongo ulilainika, na ulipokauka tena ulikuwa umechukua alama ya yule msimuliaji wa siku hiyo, dereva mtu mzima anayejua Kiswahili.

Naomba usilielewe hilo vibaya. Sisemi askari hakuwepo, wala sisemi hakuwa mpole. Ninachosema ni kwamba sehemu moja ya picha yako, iliyo wazi kuliko zote, haikuweza kuwa kichwani mwako siku ile kwa umbo ilionalo leo, na kama hiyo imeongezwa bila wewe kujua, basi redio na mlango vinastahili kuulizwa pia. Wakati wa vita vile watu wengi walikaa karibu na redio kila jioni. Kama baba yako alikuwa na kawaida ya kusimama mlangoni na redio mkononi, wewe ulimwona hivyo mara nyingi, na hakuna jambo lililo rahisi kwa ubongo kuliko kuchukua baba wa kila jioni na kumweka kwenye siku ambayo mtoto alimhitaji sana. Kwa upande wa pili, kaka yako naye anaweza kuwa ameiunganisha safari moja ya ng'ombe na siku nyingine. Umri wake wa miaka kumi na miwili unampa nafuu kidogo, si hati ya ushindi.

Utasema, jambo zito kama lile halisahauliki. Ni kweli kwamba hofu huipa kumbukumbu nguvu: amigdala ikichangamka, hipokampasi hufanya kazi kwa bidii zaidi, na ndiyo maana siku ile ipo na siku iliyotangulia haipo. Lakini nguvu na usahihi ni vitu viwili. Tarehe 28 Januari 1986, siku mbili tu baada ya NRA, jeshi la msituni la Yoweri Museveni, kuiteka Kampala, chombo cha anga cha Challenger kililipuka Marekani. Kesho yake Ulric Neisser aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu karatasi waandike walikuwa wapi na habari ile waliipataje. Baada ya takriban miaka miwili na nusu, yeye na Nicole Harsch waliwauliza tena 44 kati yao. Robo yao hawakupata hata jambo moja kuu kama walivyoliandika, na wengi wa waliokosea hawakuwa na shaka yoyote. Walipoonyeshwa karatasi zao, zilizoandikwa kwa mkono wao wenyewe, kumbukumbu ya awali haikurudi.

Mimi sina haki ya kuwacheka. Kwa miaka mingi niliwasimulia wanangu jinsi nilivyopata habari za kuanguka kwa Kampala mwezi ule ule wa Januari 1986, nikiwa sokoni Mbale na mjomba wangu, aliyeniinua mabegani ili niwaone watu wakishangilia. Siku moja mke wangu, kwa upole wake, aliniuliza mjomba alifariki lini. Alifariki 1984. Mabega yale bado ninayahisi hadi leo.

Kwa nini Muumba au maumbile, chagua neno linalokuridhisha, yatupe kifaa kinachoyumba hivyo? Jibu linalonishawishi lilipatikana London mwaka 2007, Demis Hassabis na wenzake walipowaomba wagonjwa watano walioharibika hipokampasi wafikirie jambo ambalo halijatokea, kwa mfano kulala kwenye ufuo wenye mchanga mweupe, na kueleza wanachokiona. Wengi wao walishindwa: walitoa vipande vilivyotawanyika visivyoungana kuwa mahali. Kifaa kinachotukumbusha jana ndicho kinachotuwezesha kuiona kesho kabla haijafika, na kifaa cha namna hiyo lazima kiwe tayari kuvunja vipande na kuviunganisha kwa namna mpya. Jalada la ofisini lisingeweza kazi hiyo.

Wala haimaanishi kwamba kumbukumbu zetu ni ovyo tu. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett, aliyesisitiza mapema, mwaka 1932, kwamba kukumbuka ni kujenga upya, alikutana Swaziland na mchunga ng'ombe aliyeweza kutaja wanyama walionunuliwa mwaka mmoja kabla, rangi zao na bei zao, na alipolinganishwa na daftari la mwenye mali makosa yake yalikuwa madogo sana. Ng'ombe ndio waliokuwa maisha yake. Kwa sababu hiyo ninakuuliza: kijijini kwenu, nani kati yenu wawili alikuwa akichunga? Ikiwa ni kaka yako, ningempa uzito zaidi anapozungumzia safari ya ng'ombe. Ikiwa wewe ndiye uliyekuwa ukitumwa kununua betri za redio, hilo nalo lina uzito wake. Na zingatieni kwamba kiini cha siku ile hamkibishanii: askari walikuja, mama alizungumza nao, na nyinyi mlinusurika. Mnachogombania ni mtu mmoja mlangoni, na ninafahamu kwamba mtu huyo ni baba.

Nimebakiza swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kaka yako anapotetemeka kwa radi, hakumbuki saba saba, yaani yale makombora ya vita vile, kama wewe unavyoukumbuka mlango. Kwa mtu aliyejeruhiwa na vita, vipande vya hofu, yaani mshindo, harufu na moyo kwenda mbio, vimeshikana sana vyenyewe kwa vyenyewe, lakini vimelegea kutoka kwenye mahali na tarehe, kwa hiyo mshindo wowote unaviamsha vyote bila kuleta pamoja nao taarifa kwamba hiyo ilikuwa Masaka, mwaka 1979, na imekwisha. Mwili unaishi tena pale pale. Kunyamaza hakuvirudishi vipande hivyo mahali pake. Lakini pia kuvirusha hadharani, mbele ya ukoo, watu wakishangilia upande huu na ule, hakuvirudishi.

Kuna njia ya tatu, tiba ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio mbele ya mtu aliyefunzwa, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikusanywa hapa kwetu Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Frank Neuner na wenzake walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2008, likihusisha wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari, walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kazi hiyo, na dalili za waliotibiwa zilipungua zaidi kuliko za wale waliofuatiliwa tu. Mwaka 2011 Verena Ertl na wenzake wakatoa matokeo ya vijana 85 wa kaskazini mwa Uganda waliowahi kuwa askari watoto, waliotibiwa nyumbani kwao na watu wa huko huko, nao pia walipata nafuu kubwa zaidi kwa njia hiyo ya kusimulia.

Nimewahi kuiona ikitumika. Mtu anapewa kamba, anaitandaza sakafuni, ncha moja ikiwa ni kuzaliwa kwake, na sehemu iliyobaki imekunjwa kwa ajili ya maisha ambayo bado hayajafika. Kisha anaweka maua mahali pa furaha na mawe mahali pa msiba, makubwa kwa madogo. Mzee mmoja niliyemwona alilishika jiwe lake dakika nzima kabla ya kulilaza chini, akalisogeza kidogo kushoto, akasema hapana, mvua za masika zilikuwa hazijaanza. Katika vikao vinavyofuata husimulia maisha yake kwa mpangilio, tangu mwanzo, na akifika kwenye jiwe hasukumwi kulipita haraka: anaulizwa aliona nini, alisikia nini, mwili ulihisi nini, na kila mara anarudishwa kwenye wapi na lini, huku mshauri akiandika. Mwishoni hupewa maandishi yake. Kule kusogeza jiwe kushoto, kwa maoni yangu, ndiyo tiba yenyewe: hofu iliyokuwa haina tarehe inapewa majira yake.

Kwa hiyo msinyamaze, lakini kaka yako apate kwanza mtu mwenye mafunzo wa kumsikiliza. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na si lazima aende Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, wala aogope kuitwa mwendawazimu kwa sababu ya kulala vibaya. Wewe usiwe mshauri wake, na kwa sasa usimwombe akuthibitishie safari ya Sembabule.

Kuhusu ugomvi wenu, nina pendekezo moja ambalo si la kimahakama. Kila mmoja akae peke yake, bila kuulizana, aandike kwa mkono siku ile kama anavyoijua, na kando ya kila jambo aweke alama: hili niliona, hili niliambiwa, hili sijui nililipata wapi. Utashangazwa na urefu wa orodha ya tatu. Kisha tafuteni vitu visivyokumbuka chochote na kwa hiyo visivyobadilika, kama barua, cheti cha ubatizo, risiti ya mnada wa ng'ombe. Tunajua kutoka kwenye historia ya vita kwamba mji wa Masaka ulitekwa tarehe 24 Februari 1979, na tarehe hiyo ni msumari mzuri wa kutundikia mengine.

Kama ssenga wenu, yaani shangazi, au mzee yeyote wa wakati ule bado yupo, mwendeeni mmoja mmoja, na jihadharini sana na swali. Ukimwuliza, "Si kweli kwamba baba alikuwa amesimama mlangoni?" utakuwa umempa mlango, baba na jibu kwa pamoja, na kesho atamwona kama unavyomwona wewe. Muulizeni siku ile ilianzaje, nani alipika, nani alikuwa na ng'ombe. Halafu muulizeni redio ya nyumba ile ilikuwa wapi, na mngojeeni aseme mwenyewe nani alikuwa ameishika.